Hisa za Shilingi Tano

Panda matatu Kitale, pita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, shuka Webuye, kisha ubebwe na nyingine mpaka Bungoma mjini. Njia nzima ukianza kuhesabu vibanda vya kijani vya M-Pesa utachoka kabla ya kufika Kiminini. Ila siku hizi vingine vina bango jekundu pembeni, la Airtel Money. Dada wa kibanda ni yule yule, simu ni mbili, daftari mbili. Hakuna anayeshangaa.

Lakini bango hilo jekundu lilikuwa marufuku. Mpaka Julai 2014, mkataba wa wakala wa M-Pesa ulimkataza kufanya kazi ya mshindani. Ukichagua kijani, unabaki kijani. Kilichoondoa sharti hilo ni malalamishi ya Airtel mbele ya Mamlaka ya Ushindani Kenya, na magazeti ya Nairobi wakati ule yaliandika kama vile jitu limeangushwa. Mimi nimekuwa nikijiuliza swali dogo kuliko hilo. Nani alipoteza? Hasa wanahisa, maana kila mara kampuni hii ikiguswa tunaambiwa kwamba wanaoumia ni wanahisa. Na mwanahisa ninayemjua mimi si meneja wa mfuko wa pesa kule London. Ni mjomba wangu, au khocha kama tunavyosema nyumbani, mkulima wa mahindi Kiminini.

Kwanza tukubaliane M-Pesa ni nini. Watu wanasema Safaricom ni kampuni ya simu, na ni kweli ina minara. Lakini M-Pesa ni programu. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa menyu ndogo ndani ya laini, iliyotengenezwa na wataalamu wa kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya Vodafone, na mpaka 2015 mitambo iliyokuwa ikiiendesha ilikaa Ujerumani. Mama mboga wa Kanduyi akimtumia pesa mwanawe aliye Chwele, zile tarakimu zilikuwa zinapitia Ulaya kwanza. Kijijini tulichoona ni kibanda, rangi na dada mwenye daftari. Programu yenyewe haikuonekana, na ndiyo sababu watu wengi walidhani ugomvi ni wa vibanda.

Sasa hisa. Safaricom iliuza hisa kwa umma kuanzia mwisho wa Machi 2008. Ikumbuke miezi hiyo. Watu walikuwa bado wanalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho Kitale baada ya vurugu za uchaguzi, na Kibaki na Raila walikuwa wametia sahihi mapatano Februari 28 tu. Mbolea ilikuwa imepanda bei vibaya na msimu wa kupanda umefika. Katikati ya hayo serikali inasema: tunauza hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja, na kima cha chini ni hisa 2,000. Yaani elfu kumi. Kwa mkulima wa ekari mbili, elfu kumi ya mwezi wa tatu ni mbolea.

Mjomba alichukua pesa za magunia yaliyokuwa yamebaki stoo akaomba hisa. Mimi nilikuwa darasa la tatu, ninachokumbuka ni kelele za shangazi. Hakuwa peke yake: zaidi ya watu 800,000 waliomba, na maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano. Kwa hiyo kila mtu akapewa kipande, na hela iliyobaki ikarudishwa baadaye. Serikali ikabaki na asilimia 35, Vodafone 40, na sisi wengine wote tukagawana 25. Shika hiyo 35, tutaihitaji.

Zilipoanza kuuzwa sokoni Juni 9, bei ilipanda juu ya shilingi 7, watu wakashangilia. Kabla mwaka haujaisha sawasawa ilikuwa imeteremka chini ya 5, na 2009 ikafika chini ya 3. Dunia nzima ilikuwa na msukosuko wa fedha, na soko la Nairobi lilikuwa na matatizo yake. Nyaga Stockbrokers ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi mwezi Machi 2008, wakati huo huo ambapo watu wanaambiwa waje wanunue hisa. Hakuna mdhibiti aliyekuwa ameigusa Safaricom. Nasema hivi mapema kwa sababu bei ya hisa ina sababu zake nyingi, na kila anayetaka kutisha watu huchagua ile inayomfaa.

Kipigo cha kwanza cha kweli kilikuja 2010, na hakikuhusu M-Pesa. Mtu wa mtandao mmoja akimpigia wa mwingine, mtandao wa mpigaji hulipa mtandao wa mpokeaji ada fulani kwa kila dakika. Kampuni ndogo ikitoza wateja wake bei ya chini, ada hiyo inaikaba, kwa sababu simu nyingi za wateja wake zinaenda kwa kampuni kubwa. Agosti 2010 mdhibiti wa mawasiliano aliikata kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Bharti Airtel ya India ilikuwa ndiyo kwanza imenunua Zain, na mara hiyo bei ya kupiga ikashuka hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom ilibidi ifuate. Wale wa rika langu wanakumbuka ule mwaka ambao kila mtu alikuwa na laini mbili na simu ya Kichina.

Faida ya Safaricom baada ya kodi, ambayo ilikuwa shilingi bilioni 15.1 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2010, ikaanguka hadi 13.2, kisha 12.6. Hapo mwanahisa aliguswa kweli. Na hapo pia ndipo tunaona kitu ambacho Marekani hawana. Ada ilitakiwa iendelee kushuka Julai 2011. Haikushuka, iligandishwa kwa mwaka mmoja. Kumbuka ile 35. Aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mdhibiti ndiye aliyekuwa anasubiri gawio. Ni sawa na mwenye posho mill kupewa kazi ya kukagua mizani ya posho mill.

Mjomba naye, ambaye huwa anafanya mambo kinyume, miaka hiyo ya hisa kuuzwa shilingi 3 ndiyo aliyoitumia kuongeza. Alinunua kidogo kidogo baada ya kila mavuno mpaka akafikisha 800, akanyamaza.

Turudi kwa programu. Kisa maarufu kuliko vyote vya aina hii ni cha Microsoft. Mei 18, 1998, Idara ya Haki ya Marekani pamoja na majimbo 20 waliishtaki kwamba inatumia ukubwa wa Windows kuua kivinjari cha Netscape: ukinunua kompyuta, Internet Explorer unaikuta ndani, upende usipende, na watengenezaji wa kompyuta wamefungwa mikono na mikataba. Aprili 3, 2000, jaji Thomas Penfield Jackson alisema Microsoft imevunja sheria. Siku hiyo hisa zilianguka karibu asilimia 15, thamani ya takriban dola bilioni 80 ikayeyuka kabla ya jioni. Juni akaamuru kampuni ikatwe vipande viwili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta amri ya kukata, ingawa ilikubali kwamba kampuni ilikuwa imetumia ukiritimba vibaya. Novemba 2001 wakapatana nje, Microsoft ikakubali masharti kadhaa, maisha yakaendelea.

Kesi ile husimuliwa kama onyo: ona, serikali ikishtaki, mwanahisa analia. Ni kweli hisa hazikurudi kwenye kilele chao cha Desemba 1999 mpaka 2016. Lakini kilele kile kilikuwa cha povu la intaneti, na povu lilikuwa linapasuka miezi ile ile ya hukumu. Ukitaka kutenganisha kesi na povu, bahati njema. Jambo lenye uzito zaidi alilisema Bill Gates mwenyewe 2019: kwamba kesi iliwavuruga akili, na bila hiyo dunia leo ingekuwa inatumia simu za Windows badala ya Android. Anayesema ni mwenye kushtakiwa, kwa hivyo pima. Ila kama ni kweli, basi hasara kubwa ya mwanahisa ilikuwa ile simu ambayo haikutengenezwa vizuri, kuliko ile siku moja ya Aprili. Na faida kwa wengine? Google ilikuwa kampuni changa wakati huo, na ilikua katika nafasi ambayo Microsoft iliyofungwa mikono haikuweza kuifunga.

Safaricom haikuwahi kupelekwa mbele ya jaji namna hiyo. Sheria yetu ya Ushindani ni ya 2010, ikaanza kutumika Agosti 2011, ikichukua nafasi ya ile ya zamani ya ukiritimba na bei iliyotungwa enzi za Moi. Mamlaka ilikuwa changa. Airtel ikaleta hoja yake: tuna huduma ya pesa, lakini mawakala wazuri wote wamefungwa kwa mkataba. Safaricom ikajibu kwamba mtandao ule waliujenga wao, walitafuta mawakala mmoja mmoja tangu 2007, wakawafundisha, wakalipia rangi. Kwa nini aje mtu avune shamba alilolipalilia mwingine?

Hoja hiyo si ya kipuuzi, na mkulima yeyote wa Trans Nzoia ataielewa. Lakini wakala si shamba la Safaricom. Kibanda ni chake, kodi analipa yeye, mtaji ni wake, akiibiwa usiku ni yeye. Kampuni ilileta programu na rangi. Mamlaka ikaona hivyo hivyo: Julai 2014 sharti likaondolewa, na kanuni za Benki Kuu za mwaka huo huo zikakataza mikataba ya kumfunga wakala. Mawakala zaidi ya 80,000 wakawa huru kwa siku moja.

Kisha nini? Hapa ndipo waliotarajia kilio walishangaa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2014 M-Pesa iliiingizia Safaricom takriban shilingi bilioni 26.6. Mwaka uliofuata, ule wa amri, bilioni 32.6. Faida ya kampuni nzima ikaruka kutoka bilioni 23 hadi 31.9, na gawio kutoka senti 47 kwa hisa hadi 64. Bei ya hisa ilimaliza 2014 ikiwa kwenye shilingi 14 hivi, na ilikuwa imeuanza ikiwa chini ya 11. Jitu halikuanguka. Halikupepesuka hata.

Sababu iko ndani ya droo ya wakala. Chukua wakala wa Chwele siku ya soko, ana mtaji wa elfu 60. Pesa zake ni za aina mbili: noti alizonazo, na floti iliyo kwenye simu. Mtu akija kuweka, wakala anapokea noti na floti inapungua. Mtu akija kutoa, noti zinapungua. Sasa mwambie agawe mtaji huo, nusu kijani nusu nyekundu. Saa nne asubuhi floti ya kijani imeisha, foleni inahamia kwa jirani, na ile nyekundu imekaa pale kama gunia la maharagwe ambalo hakuna anayelitaka, kwa sababu wateja wa Airtel Money waliopita tangu asubuhi ni watatu. Kamisheni inatoka kwa pesa inayozunguka. Kesho yake atarudisha elfu 60 zote kwenye kijani bila kuagizwa na mtu. Mkataba ulikuwa umeshaifanya kazi yake miaka saba. Ulipoondolewa, hesabu iliufanyia kazi yake bure.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema amri ya 2014 ilikuwa ushindi, wala na wanaosema ilikuwa uonevu. Ilikuja ikiwa sahihi na ikiwa imechelewa. Ingekuja 2008, wakati mawakala ni wachache na Zain ina nguvu kidogo, leo labda tungezungumza habari nyingine. Tanzania ni mfano ulio karibu. Kule wakala wa kawaida tangu zamani ana mabango matatu manne, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana 2014 pesa ivuke kutoka mtandao hadi mtandao, Vodacom ikajiunga 2016, na hakuna mmoja aliyewameza wote. Huku kwetu 2022 M-Pesa ilikuwa bado inashika zaidi ya asilimia 95 ya wateja wa pesa za simu.

Kilichobana kidogo kilikuwa mambo madogo yasiyopata vichwa vya habari. Mamlaka ya Ushindani iliagiza kuanzia 2016 kwamba mteja aonyeshwe gharama ya muamala kwenye simu yake, badala ya kutafuta karatasi ya bei iliyofifia ukutani. Aprili 2018 pesa ikaanza kutumwa moja kwa moja kati ya M-Pesa na Airtel Money, na 2022 wateja wa mitandao mingine wakaweza kulipa kwenye till za Lipa na M-Pesa. Haya yanamfaa mteja zaidi ya bango jekundu, maana hayamdai wakala mtaji wa pili.

Vitisho vikubwa navyo vilikuja na kupita. Mapema 2017 ilivuja rasimu ya ripoti ya Analysys Mason, washauri waliokuwa wameajiriwa na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyotaka Safaricom ihesabiwe kuwa na nguvu kupita kiasi sokoni na iwekewe masharti. Maneno ya kuikata vipande, M-Pesa kando na simu kando, yakaanza kusikika. Wachambuzi wakawaonya wanahisa wakae macho. Mwisho wa mwaka huo hisa ilikuwa juu ya shilingi 25, hakuna kilichokatwa, na gawio la mwaka wa fedha uliofungwa Machi lilikuwa senti 97. Fungu la serikali peke yake lilizidi bilioni 13. Sijui waziri gani wa fedha angetia sahihi ya kulipunguza.

Kesi iliyofika mezani kweli ilikuwa ile ile ya ada ya dakika. Desemba 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza ada ishuke kutoka senti 99 hadi senti 12. Safaricom ikaenda kwenye baraza la rufaa la mawasiliano, mabishano yakala nusu mwaka, wakapatana kwenye senti 58 kuanzia Agosti 2022. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyomalizika kwetu: kwa bei ya katikati, kama ng'ombe sokoni. Agosti hiyo hiyo hisa zilikuwa zimeshuka mbali kutoka kilele cha shilingi 44 na zaidi cha mwaka uliotangulia, na 2023 zikafika chini ya 15. Ukisoma sababu zilizotolewa utakuta Ethiopia, utakuta wawekezaji wa nje wanaokimbilia dola, utakuta riba. Ushindani hautajwi sana.

Nilimuuliza mjomba kama aliwahi kuogopa, 2014 au 2017. Akaniuliza kulitokea nini 2014. Nikamweleza habari ya mawakala. Akasema alidhani mawakala huwa wanaruhusiwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea biashara, na mihula ile michache nilifundishwa kwamba mwanahisa na mteja ni watu wawili wenye masilahi yanayovutana: kampuni ikibanwa, huyu anapoteza na yule anapata. Mjomba ni wote wawili. Anauza mahindi kwa M-Pesa, analipa vibarua kwa M-Pesa, karo ya mtoto wa mwisho inapita huko huko, na kila mara kuna ada. Hajawahi kuzijumlisha. Nilimwomba tujumlishe za mwezi mmoja wa mavuno, akasema ana kazi.

Tukahesabu upande wa pili, ambao ni rahisi. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa, kwa mafungu mawili: senti 55, kisha senti 65. Kwa hisa 800 ni shilingi 440, halafu 520. Toa kodi ya asilimia 5, zinabaki 418 na 494. Zote mbili ziliingia kwenye M-Pesa yake. Kutoa kila moja kwa wakala wa Kiminini ni shilingi 29.